Nyanya zisubiri mvua ikatike

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, wenye bustani ndogo nyuma ya nyumba: nyanya msiziwahishe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na unyevu ule huleta ukungu unaobabua majani yote. Sieni mbegu kitaluni Aprili, mhamishe miche Mei, ikue kwenye ubaridi wa Juni na Julai. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo changanyeni samadi iliyooza vizuri, kisha funikeni shina kwa makumbi ya nazi, ambayo kwetu hutupwa bure tu! Wakati wa mvua pandeni bamia na matembele. Vipande vya asumini navyo hushika mizizi kirahisi wakati huohuo.