Jinsi ya kuchora ramani ya milima ya Siberia kwa mkono

Ukitaka milima ya Siberia, yaani Urusi ya upande wa Asia, ikukae kichwani, ichore mwenyewe. Miaka yangu ya kufundisha jiografia imenionyesha kwamba wanafunzi hukimbilia milima kwanza, wakaishia na vijilima vilivyotapakaa ovyo. Anza na mito. Mito mikubwa ya huko hutoka kwenye milima ya kusini na kumwaga maji Bahari ya Aktiki, hivyo ukishaipanga, milima nayo inapata mahali pake.

Andaa karatasi ya A4, rula, penseli na kifutio.

Hatua ya 1: Mistari
Laza karatasi kwa upana. Mstari wa chini uwe latitudo 50° Kaskazini. Panda sentimita 2 kwa kila nyuzi 5 hadi ufike 80°. Longitudo zianzie 60° Mashariki upande wa kushoto, sentimita 1 kwa kila nyuzi 5, hadi 180°. Bakiza sentimita 2 zaidi kulia kwa ajili ya Chukotka, rasi ya kaskazini-mashariki kabisa, ambayo inavuka mstari huo. Vipimo havilingani kwa sababu nzuri: kwenye latitudo ya 60, nyuzi moja ya longitudo ni nusu ya ile ya ikweta. Ukivilinganisha, Siberia itatanuka mara mbili.

Hatua ya 2: Mito mitatu
Ob: anzia 85° kwenye mstari wa chini, uelekeze kaskazini-magharibi hadi 69° kwa 61° (longitudo kwanza, kisha latitudo), ambapo mto Irtysh unaungana nao. Panda hadi karibu na Mzingo wa Aktiki (latitudo 66.5° hivi), kisha upinde kulia uingie Ghuba ya Ob.

Yenisei: kutoka 94° kwa 52° hadi 86° kwa 69°, kisha baharini.

Lena: kutoka 108° kwa 54°, jirani kabisa na Ziwa Baikal, hadi Yakutsk (130° kwa 62°), halafu juu hadi 127° kwa 72°.

Barafu ya mito hii huanza kuyeyuka kusini. Maji yakishuka yanakuta huko mbele bado kumeganda, basi yanafurika. Kati ya milima ya Ural, iliyo ukingo wa magharibi, na Yenisei, ambako sehemu kubwa ya ardhi haifiki mita 200 juu ya usawa wa bahari, maji yanatuama. Weka alama ya kinamasi cha Vasyugan kati ya Ob na Irtysh.

Hatua ya 3: Kuta za magharibi na kusini
Ural ifuate mstari wa longitudo 60°, ikipinda kidogo kulia kwenye ncha ya kaskazini. Ni mirefu kwa masafa tu, kwani kilele chake hakifiki mita 2,000. Altai iweke kwenye chanzo cha Ob. Hapo kuna Belukha, mita 4,506. Sayan ifuate mashariki yake, kwenye chanzo cha Yenisei.

Kisha chora Baikal, jembamba na lililoinama, kati ya 104° na 110°. Hili ni ndugu wa Ziwa Tanganyika: yote mawili yamekaa kwenye bonde la ufa. Baikal lina kina cha mita 1,642, la kwanza duniani. Tanganyika ni la pili.

Hatua ya 4: Katikati
Kati ya Yenisei na Lena usichore vilele vilivyochongoka. Ni uwanda wa juu. Hata milima ya Putorana, kaskazini-magharibi mwake, ina vichwa bapa na kingo za ngazi, kwa kuwa ni matabaka ya lava iliyomwagika miaka milioni 250 hivi iliyopita. Chora mstari mnyoofu juu, vidato pembeni.

Hatua ya 5: Mashariki
Hapa nenda polepole. Safu ya Verkhoyansk ni upinde unaoanzia karibu na delta ya Lena na kuukumbatia mto kwa upande wa mashariki. Nyuma yake ipo safu ya Chersky, ambayo haikutambuliwa kuwa safu kubwa hadi mwaka 1926, mwanajiolojia Sergei Obruchev alipoipima. Kati ya safu hizi hewa nzito ya baridi hutulia mabondeni. Mji wa Verkhoyansk ulifikia nyuzi −67.8 za Selsiasi mwaka 1892.

Malizia na rasi ya Kamchatka. Kwenye 160° kwa 56° weka pembetatu ya volkano Klyuchevskaya Sopka, yenye urefu wa mita 4,700 na zaidi.

Hatua ya 6: Kagua
Fuata kila mto kwa kidole kutoka baharini hadi chanzo. Kidole kikiishia tambarare, kuna safu umeisahau. Ukiridhika, pitisha wino na ufute mistari ya penseli.