Kuongeza bakap kwenye tepu yenye data za zamani bila kuzifuta (Linux na ndugu zake)

Kwenye tepu kuna herufi moja tu inayotenganisha bakap za wiki nzima na bakap ya jana peke yake, herufi n. Mi niliijua kwa kuumia. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulikua na skripti inaandika kila usiku kwenye /dev/st0 (jina ambalo Linux inaipa draivu ya tepu), tepu ileile Jumatatu mpaka Alhamisi, haikulalamika hata mara moja, Ijumaa mhasibu akaja anataka faili lake la Jumanne, naweka tepu nakuta ya Alhamisi tu, zingine zote zimeandikiwa juu. Mhasibu hakunisemesha mpaka mwisho wa mwezi.

Kilichotokea ni kwamba /dev/st0 programu ikimaliza tu kazi tepu inajirudisha mwanzo yenyewe, kwaio usiku unaofuata tar (programu inayokusanya faili na kuziandika kwenye tepu) inaanza kuandika palepale mwanzoni. /dev/nst0 ni mashine ileile, tepu ileile, ila inabaki pale ilipoishia. FreeBSD utatumia /dev/nsa0 badala ya sa0, Solaris ni /dev/rmt/0n, AIX ni /dev/rmt0.1. Ili usije ukasahau weka hii kabisa kwenye skripti:

export TAPE=/dev/nst0

mt (programu ya kusogeza na kurudisha tepu) na tar ya GNU zote zinaisoma hiyo, hauna haja ya kuandika -f kila saa.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Wale tuliokua tunarekodi nyimbo za redioni kwenye kaseti tunakumbuka, ukirekodi juu ya wimbo wa pili, wa tatu unabaki salama. Tepu ya kompyuta haiko hivyo bwana. Ukiandika katikati, draivu inaweka alama ya mwisho wa data palepale ulipoishia na kuanzia hapo inakataa kwenda mbele, yaani hata kama bakap ya tatu na ya nne bado zipo kwenye utepe huzifikii tena kwa njia za kawaida. Kwaio sehemu salama ya kuandika ni moja tu, baada ya kila kitu kilichopo.

Kabla ya kuandika chochote, kwanza jua kuna nini ndani. Sukuma kile kidude kidogo pembeni ya kasha ili tepu isiandikike, weka kwenye draivu, alafu:

mt asf 0
tar tv | head

Hiyo ni bakap ya kwanza, maana hesabu inaanza na sifuri. Ya pili mt asf 1, ya tatu mt asf 2, hivyohivyo. Mi napenda asf kuliko fsf kwa sababu asf inarudi mwanzo kwanza ndo inahesabu, wakati fsf inahesabu kuanzia ulipo, na ukishasoma nusu na tar ukaikatisha hujui vizuri upo upande gani wa alama ya mwisho wa faili. Inachelewa kidogo, sawa, ila haikudanganyi. Andika kwenye daftari kila namba ina nini na tarehe yake.

Ukiridhika toa tepu, rudisha kidude, iweke tena alafu:

mt eod
mt status

Kwenye mifumo mingine hiyo eod inaitwa eom. Hapa usiwe na haraka, soma kile mt status inasema. Kama daftari linasema kuna bakap tatu basi lazima uone File number=3. Ukiona 0 na neno BOT upo mwanzoni, ukiandika hapo umeua zote tatu. Ukiona WR_PROT kidude bado kimefunga. Namba ikikubaliana na daftari ndo uandike:

tar -c -b 128 -V "mahesabu-ijumaa" -C / home/mahesabu

-b 128 maana yake bloku (vipande ambavyo data inaandikwa navyo) za KB 64. Ukija kusoma tumia -b 128 hiyohiyo, ukiacha tar itajaribu na bloku zake za kawaida za KB 10 na Linux itakuambia Cannot allocate memory, watu wanakimbilia kununua RAM kumbe ni saizi ya bloku tu. Na tafadhali usitumie tar -r kuongeza kwenye tepu, ile inataka kurudi nyuma kuandika juu ya mwisho wa bakap iliyopo, acha ibaki kwenye diski.

Ukimaliza hakikisha, usiamini tu. Bakap mpya ni namba 3 kwaio:

mt asf 3
tar -d -b 128 -C /

Hiyo inalinganisha kilichopo kwenye tepu na kilichopo kwenye diski. Faili zilizobadilika katikati ya kazi zitaonekana, hizo ni kawaida.

Nafasi nayo iangalie. LTO-4 (tepu za aina ya LTO, kizazi cha nne) inabeba GB 800, ile 1.6 TB iliyoandikwa kwenye kasha ni ya data zinazobanika vizuri, picha na video hazibaniki. Tepu ikiisha katikati, za zamani zinabaki nzima ila ile ya mwisho inakua kipande. Na kama tepu ni ya kizazi cha zamani jua draivu yako inaweza nini, draivu ya LTO-5 inaandika tepu ya LTO-4 lakini ya LTO-3 inaisoma tu.

Mwisho mt offline, tepu inarudi mwanzo na kutoka, funga kile kidude saa hiyohiyo kabla hata ya kuirudisha kabatini. Na bakap ya usiku unaofuata iende kwenye tepu nyingine, maana hiyo yenye nne ikikwama kwenye draivu zimekwama zote nne.