Mitungi pacha: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Mtu anayeanza mbizi za kiufundi, yaani zile zinazopita kina au muda wa mbizi za burudani, huuliza kwanza bei ya mitungi pacha, ile miwili ya hewa inayounganishwa na kubebwa mgongoni. Aanze na hesabu ya hewa, kisha suti atakayovaa. Bei ije mwisho.

Chukua mfano wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Imelala nje ya bandari ya Zanzibar, kwenye kina cha takriban meta 40. Huko shinikizo ni bar 5, kwa hiyo anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu atavuta lita 100 kule chini. Sasa piga hesabu ya akiba. Mwenzako akiishiwa, mtapumua wawili kutoka kwako, tena kwa hofu. Tuseme lita 30 kila mmoja kwa dakika, kwa hesabu ya juu ya maji. Dakika 2 za kutulia na kujipanga zitakula lita 600. Kupanda taratibu kwa dakika 5, shinikizo la wastani likiwa bar 3, kutakula karibu lita 900. Jumla lita 1,500, na hizo haziguswi kwa matembezi.

Mtungi mmoja wa alumini wa lita 11, ukijazwa bar 200, una lita 2,200. Ukiweka akiba pembeni unabaki na lita 700: dakika 7 za kushuka na kuiona meli. Mitungi pacha ina lita 4,400, na akiba ikiwa ileile unapata dakika 29. Lakini kwa hewa ya kawaida, muda wa kukaa meta 40 bila kulazimika kusimama njiani ili naitrojeni itoke mwilini ni takriban dakika 10 tu. Ukizidisha hapo, huwezi tena kupanda moja kwa moja, na vituo hivyo navyo vinahitaji hewa yake. Ndiyo maana mafunzo hutangulia mitungi.

Chuma au alumini? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hufuata ushauri wa watu wanaozamia kwenye maji ya baridi. Uingereza mpiga mbizi huvaa suti kavu yenye nguo nzito ndani. Suti hiyo humwelesha sana, basi mitungi miwili ya chuma ya lita 12 humfaa, maana uzito wake huchukua nafasi ya risasi za kiunoni, yale madini mazito ya kumzamisha. Suti ile pia inaweza kujazwa hewa na kumwinua ikiwa mfuko wa kuelea umepasuka. Kwenye maji ya pwani yetu unavaa suti nyembamba ya milimita 3 au 5. Jifunge chuma juu ya suti hiyo, mfuko upasuke ukiwa meta 40, na hakuna mguu utakaokupandisha. Risasi unaweza kuitupa. Mtungi wa mgongoni hutupi. Kwa suti nyembamba mimi nasema alumini, bila kusita.

Alumini nayo ina tabia yake. Ikikaribia kuisha huanza kuvuta juu, karibu kilo moja na nusu au zaidi kwa kila mtungi. Kwa hiyo pima uzito wako mitungi ikiwa na bar 40 hivi, mfuko ukiwa mtupu: lazima uweze kutulia meta 3 bila kupigana na maji. Usipime ikiwa imejaa ukadhani umemaliza, kwa sababu hewa yenyewe ina uzito. Mitungi miwili ya lita 12 iliyojaa bar 232 hubeba zaidi ya kilo 6 za hewa, na uzito huo hutoweka kadiri unavyopumua.

Mitungi ya bar 300 iache. Ni mizito, na kompresa nyingi hazitakujazia kufikia hapo. Kabla ya kulipa, nenda kwa anayekujazia, muulize anafika bar ngapi na kama ana kiungio cha DIN, kile kinachoskurubiwa ndani ya vali.

Kisha manifoldi, bomba linalounganisha mitungi juu. George Benjamin, Mkanada aliyechunguza mashimo ya buluu ya Andros huko Bahamas, ndiye anayetajwa kwa mfumo wa kuunganisha mitungi miwili kwa regulata mbili (vifaa vya kupunguza shinikizo la hewa ili uivute), ili moja ikiharibika ufunge vali yake na bado upate hewa yote kupitia ya pili. Baadaye ikaongezwa vali ya katikati, ya kutenganisha mitungi miwili. Nunua yenye vali hiyo, kisha uiheshimu. Ikisahauliwa imefungwa wakati wa kujaza, mtungi mmoja unaweza kubaki na mchanganyiko wa jana, na kipimo chako kinasoma upande mmoja tu. Kwa nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, kosa hilo linaua. Iguse kwa mkono kabla ya kujaza, na tena kabla ya kuruka majini.

Mikono yako izifikie vali zote tatu. Mtu mfupi akifungwa mitungi mirefu hugonga kichwa kwenye manifoldi au kubanwa makalioni. Shida mara nyingi ni urefu wa mikanda au mahali zilipofungwa bendi zinazoshika mitungi, na hilo hurekebishwa. Bega lisilokunjika halirekebishwi kwa bendi, na mwenye bega hilo afikirie kubeba mitungi ubavuni.

Kwa mitungi iliyotumika, soma mihuri ya shingoni. Marekani na Uingereza hudai mtungi upimwe kwa shinikizo kila miaka 5. Alumini ya aloi 6351 usichukue hata kwa zawadi: hupata nyufa shingoni, na kampuni ya mitungi ya Luxfer huko Marekani iliacha kuitumia mwaka 1988. Chuma kimulikwe ndani, kwa sababu kompresa yenye unyevu hukitia kutu pasipoonekana. Uzi wa skrubu wa vali na wa shingo viwe vya aina moja. M25 (ya milimita 25) na ile ya robo tatu ya inchi hukaribiana kiasi cha kumdanganya fundi, kisha vali hufyatuka.

Mwisho, muulize nahodha kuhusu ngazi yake. Seti nzima inakaribia kilo 40, na kuipandisha kwenye boti la mbao bahari ikichafuka ni kazi ya watu wawili na kamba. Kodi seti kwa mbizi za mwanzo, fanya mazoezi ya kufunga na kufungua vali ukiwa meta 6 na mwalimu wako, halafu ndipo ununue.