Somo: Gadi za pikipiki ya safari, ipi ya kufunga na ipi ya kuacha

Wanaopanda Amani kutokea Muheza wakati wa masika, au wanaopitia Lushoto kwenda Mlalo, huuliza kama gadi, yaani kinga za kulinda sehemu za pikipiki, zina faida. Zinayo, ila si zote. Kila gadi ni uzito: ya tumbo (bati la chini ya injini) ya alumini ni kilo tatu hivi, za ubavuni za bomba la chuma hufika sita na zaidi. Anza na zinazolinda kitu ambacho kikivunjika hufiki: sampu ya oili (bakuli lake chini ya injini), leva ya klachi, rejeta.

Gadi ya tumbo. Alumini ya mm 4 inatosha. Iwe na tundu chini ya bolti ya kumwagia oili, la sivyo utaifungua yote kila ukibadilisha. Kati ya bati na sampu acha mm 10. Bati likigusa, jiwe lililogonga bati limegonga injini. Ukishuka mlimani safisha matope yaliyojazana juu yake, maana hushika joto na unyevu.

Gadi za mikono. Za plastiki zilizoshikwa sehemu moja huzuia upepo na matawi, basi. Kama unataka leva isivunjike, tafuta yenye upau wa alumini uliofungwa ncha zote mbili. Ukimaliza:

1. Kata usukani hadi mwisho, kushoto kisha kulia. Kebo au bomba la breki lisivutike.
2. Zungusha mkono wa mafuta, uachie. Urudi wenyewe kwa haraka. Ukisugua gadi, mafuta yatang'ang'ania wazi, na hapo ni heri usingefunga kitu. Acha mm 2 mwishoni mwa gripu.

Gadi za ubavuni. Pikipiki kama BMW R1200GS, yenye silinda zilizotokeza pande mbili, inazihitaji. Nyembamba yenye silinda moja inaweza kuishi bila hizo. Nyingi hushikwa na bolti za injini zenyewe, kwa hiyo:

1. Tegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao.
2. Toa bolti moja, weka badala yake ndefu ya daraja 10.9 (kipimo cha uimara wa bolti), ndipo uende ya pili. Ukitoa zote injini inashuka na matundu hayaonani tena.
3. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Ukikaza moja kabisa, ya mwisho utailazimisha na kuharibu nyuzi.
4. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, urudie kuangalia baada ya kilomita 100.

Ya rejeta iwe ya matundu. Ikijaa tope, injini itachemka.

Maswali

*Shikamoo fundi. Wachomeleaji wa Ngamiani, Tanga mjini, wanaweza kunitengenezea za ubavuni?*

Marahaba. Wanaweza. Wape bomba la mm 25, unene wa ukuta mm 2, lisiwe la maji lenye zinki, moshi wake ni sumu. Wachomelee gadi ikiwa nje ya pikipiki. Masikio ya kushikia yawe ya bati la mm 5. Waambie wasiyaimarishe kupita kiasi, kwani yanatakiwa kupinda kabla ya fremu.

*Naishi Raskazone, kando ya bahari Tanga, chumvi inakula kila kitu. Alumini nayo?*

Alumini ikigusana na bolti ya chuma penye chumvi, huliwa pale pale. Tenganisha kwa washa za nailoni na paka grisi kwenye migusano, si kwenye nyuzi ulizotia gundi ya bolti. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi.

*Mimi naenda Tanga–Muheza tu, lami mwanzo mwisho.*

Gadi za mikono peke yake. Pesa inayobaki nunua tairi.

*Nimefunga ya tumbo, sasa inalia kama debe injini ikifika mizunguko fulani.*

Bolti imelegea au bati limekaribia ekzozi. Kaza, kisha weka pedi za mpira kwenye sehemu za kushikia, mbali na bomba la moto.