Wiki Mbili Kabla ya Mtihani wa Kidato cha Sita: Acha Kusoma Tu, Anza Kuandika

Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Sita huanza mwanzoni mwa Mei, wakati ambapo huku Mbeya masika yanaelekea ukingoni na baridi ya asubuhi imeanza kuuma vidole. Nimefundisha Kemia kwa tahasusi (michepuo ya masomo matatu) za PCB, PCM na CBG, zote zenye Kemia ndani yake, kwa miaka mingi, na kila mwaka, zikibaki wiki mbili, huwakuta vijana wamejifunika mablanketi wakirudia daftari lilelile kwa mara ya tatu. Kurudia huko kunatuliza moyo, lakini msahihishaji hawezi kutoa alama kwa kilichomo kichwani. Hutoa kwa kilichoandikwa kwenye kijitabu cha majibu. Hatua zifuatazo zinahusu kuandika.

Hatua ya kwanza ni kujua unatafuta nini. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) cha kujiunga na shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa gredi A hadi E, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Usizichanganye na pointi za kupanga divisheni, ambako mambo yamegeuzwa: A ni 1, F ni 7, na jumla ya 3 hadi 9 ndiyo Divisheni ya Kwanza. Kozi zenye ushindani, kama vile udaktari, zinadai zaidi ya kiwango hicho cha chini. Ninalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wengi hutumia siku za mwisho kulinoa somo wanalolipenda, ilhali somo lililokwama kwenye 45 linaweza kuvuka kutoka E hadi D kwa alama tano tu.

Hatua ya pili ifanyike siku hiyohiyo. Chukua karatasi moja kwa kila somo, uandike mada zote, kisha weka alama pembeni: zile unazoziweza hata ukiamshwa usiku wa manane, zile unazozijua nusunusu, na zile usizozijua kabisa. Muda wako mwingi uwe kwenye kundi la katikati. Mada ngeni kabisa, hasa ndefu, iache. Najua inauma kuiacha, lakini siku nne utakazoipa zitazidhoofisha mada sita ulizokaribia kuzimaliza.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi: fanya mitihani iliyopita kwa saa, umekaa mezani, bila daftari. Karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inakupa dakika 180, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama. Swali la alama 10 lina dakika 18, na la alama 15 lina dakika 27. Andika dakika hizo kwa penseli pembeni mwa kila swali kabla hujaanza, na muda ukiisha, ruka mistari michache uendelee na swali jingine. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa akiwafundisha wenzake Kemia ya kaboni kila prepu, lakini katika mtihani wa majaribio alikaa saa nzima kwenye swali moja alilolipenda, akaacha maswali mawili meupe. Jibu lake lilikuwa zuri kuliko yote darasani, lakini swali lenye alama 20 halizai 21. Tulikaa naye wiki nzima tukifanya zoezi moja tu, la kuweka kalamu chini dakika zinapotimia, na hilo ndilo lililombadilisha.

Ukimaliza, sahihisha mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zikiwa na vielelezo vya majibu mazuri na mabaya pamoja na maelezo ya kilichokosekana. Kwa maoni yangu, hakuna andiko lenye manufaa zaidi katika siku hizi, na bado wachache hulifungua.

Kwa masomo ya sayansi, tenga muda wa mtihani wa vitendo. Alama nyingi hapa hupotea mikononi, si kichwani. Bureti (mrija wa kudondoshea na kupimia kimiminika) ya mililita 50 ina vigawanyo vya 0.1, kwa hiyo usomaji huandikwa kwa nafasi mbili za desimali: andika 23.40, usiandike 23.4. Jicho liwe usawa mmoja na kimiminika. Kwa kimiminika kisicho na rangi soma sehemu ya chini ya mbonyeo, yaani mpindo wa uso wa kimiminika, na kwa pamanganeti, ambayo weusi wake huficha sehemu ya chini, soma ukingo wa juu. Tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti usilipulize, kwa kuwa pipeti imepimwa pamoja na tone hilo. Ukitumia kiashiria cha rangi cha methili oranji huku ukidondosha asidi kwenye besi, simama rangi ya njano inapogeuka chungwa. Ikishakuwa waridi umekwisha kupita. Na jaribio la kwanza la kukadiria lisiingie kwenye wastani. Ukipata 23.60 kwa kukadiria, kisha 23.20, 23.10 na 23.20, wastani wako ni 23.17. Anayeijumlisha ile 23.60 hupata 23.28, na kosa hilo litamfuata katika kila hesabu inayobaki.

Jioni ya kuamkia mtihani, funga daftari mapema ulale. Andaa kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi, penseli, rula na kikokotoo kinachoruhusiwa, na simu iache bwenini au nyumbani. Mtahiniwa wa kujitegemea anayetoka Mbalizi au Uyole ahesabu foleni ya malori ya barabara ya Tunduma, kwa sababu anayechelewa zaidi ya nusu saa haruhusiwi kuingia. Vaa sweta: vidole vilivyoganda huandika polepole, na nimeona mtahiniwa akipoteza dakika kumi za mwanzo akivipulizia pumzi.

Ukishaketi, andika namba yako ya mtihani kwenye kila ukurasa unaoutumia, soma maelekezo ya idadi ya maswali kwa kila sehemu, kisha anza na swali unaloliweza zaidi. Dakika kumi za mwisho zitumie kukagua vizio na namba za maswali.

Ukitoka nje, usisimame na wenzako kulinganisha majibu. Nenda ukale chakula cha moto, upumzike saa moja, kisha utoe ile karatasi ya mada ya somo linalofuata.