Kilebu anayeng'ata na kurukia watu: anza na watu wenyewe

Kilebu wa miezi mitatu akikudaka kidole kwa meno, huo si ukali. Hapa mtaani kwetu Umoja wapo wanaofurahia, wanasema "huyu atakuwa mlinzi kweli," halafu wanamchokoza kwa mkono ili aume zaidi. Mlinzi hafunzwi hivyo. Wanamfunza kwamba mkono wa mtu ni wa kuchezea, na akishakuwa jibwa zima hatatofautisha mkono wa mwizi na wa mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

Vilebu hucheza kwa mdomo. Mmoja akizidisha, mwenzake hupiga kelele na kuacha mchezo, na hapo ndipo wanajifunza kupima nguvu ya taya. Kwa hiyo usikubali kuuziwa kilebu wa wiki tano, hata muuzaji akiapa kwamba ameshaanza kula ugali. Akae na mama yake angalau wiki nane. Halafu kuna meno yenyewe. Ana 28 ya utotoni, na kuanzia miezi minne hivi huanza kung'oka kupisha 42 ya ukubwani. Katika kipindi hicho ufizi unamsumbua na atatafuna chochote, mguu wa kochi ukiwemo.

Mpe cha kutafuna. Mimi nilikata jinzi kuukuu, nikaisuka kamba nene yenye mafundo, na ndiyo tunayovutania. Karoti iliyotoka kwenye friji inampoza ufizi. Kiatu kikuukuu usimpe, maana yeye hajui kipi kimechoka na kipi ni cha shule kilichonunuliwa jana. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, huvunjika vipande vyenye ncha.

Sasa, jino likigusa ngozi, usiuvute mkono kwa ghafla. Mkono unaokimbia unafukuzwa. Ulegeze, nyamaza, simama, ondoka. Mimi huingia jikoni na kufunga mlango kwa nusu dakika, kisha narudi kana kwamba hakuna kilichotokea na kumpa ile kamba. Aking'ata tena, naondoka tena. Inachosha, hasa ukiwa na sufuria jikoni. Lakini kofi la pua litamfundisha kuogopa mikono tu, na mbwa anayeogopa mikono ndiye wa kuogopwa.

Saa kumi na mbili jioni, watoto wakishamzungusha uwanjani, utamwona Bosi, kilebu wetu, anakimbia ovyo na kuuma kila pindo la sketi. Watu hudhani amejaa nguvu, wanamchezesha zaidi. Kumbe ana usingizi. Kilebu anaweza kulala saa 18 kwa siku, na kwenye nyumba yenye watoto nani atampa nafasi hiyo? Mpeleke kwenye kona yake, mwachie cha kutafuna, zima taa.

Kuruka ni suala jingine, ingawa dawa inafanana. Anarukia kwa sababu kunamlipa: alipokuwa mdogo kila mtu aliinama kumshika. Ukimsukuma, umecheza naye. Ukipiga kelele "shuka!", umemsemesha. Mgeuzie mgongo, kunja mikono, tazama ukuta. Miguu yote minne ikirudi chini, hapo hapo msifu kwa sauti ya chini na umpe omena mkavu. (Mfuko wa koti utanuka. Zoea.) Siku za kwanza atazidisha kuruka, kwa kuwa mbinu yake ya zamani imegoma. Usilegeze wakati huo.

Kazi ngumu ni watu. Askari wetu wa geti, ambaye siku hizi ananiita Mama Bosi, alikuwa anampigia makofi ili amrukie kifuani. Nikimkataza ananiambia, "Mwache tu, mimi sina shida." Yeye hana, lakini jirani anayetoka kanisani na gauni jeupe anayo. Akilipwa na mtu mmoja kati ya kumi, kilebu ataendelea kujaribu kwa wote kumi, sawa na mtu wa kubeti aliyewahi kula mara moja. Nikaacha kugombana na askari. Nikampa kopo la omena liwe lake pale getini, kwa sharti kwamba Bosi apewe akiwa amekaa tu. Sasa askari anamfundisha kuliko mimi, na anajisifu.

Mgeni akibisha, mfunge kilebu kamba kabla ya kufungua mlango, kisha ikanyage ukiacha urefu wa kumtosha kusimama au kukaa, si kuruka. Watoto waambie wasimame wima mikono kifuani. Wakikimbia wakipiga mayowe, hata mimi ningewafukuza. Na wadogo wasiachwe peke yao naye.

Jino likitoboa ngozi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huwa hakina tiba. Chanjo ya kilebu huanza akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na ukiona anakakamaa mwili, anakodoa macho na kunguruma mtu akikaribia sahani yake, huo si mchezo tena. Mwite daktari wa mifugo mapema, angali mdogo wa kubebeka.