SOMO: Kufungua na kufunga faili la Access bila kuliharibu

Wakuu, swali la jinsi ya kufungua na kufunga faili la Access (programu ya Microsoft ya hifadhidata) linaulizwa kila mara, kwa hiyo naweka jibu lote hapa. Atakayeuliza tena, mwelekezeni huku.

1. Faili likiwa kwenye flashi au barua pepe, linakili kwanza kwenye diski ya kompyuta.

2. Fungua Access, bonyeza Ctrl+O, chagua faili. Yanayoishia .accdb ni ya Access 2007 na kuendelea; .mdb ni ya zamani.

3. Utepe wa njano ukitokea na unajua faili limetoka wapi, bofya "Enable Content". Usipobofya, makro nyingi (amri zinazojiendesha ndani ya faili) na kodi hazifanyi kazi, halafu unadhani fomu ni mbovu.

4. Kwa kawaida faili hufunguka kwa kushirikiana, yaani watu kadhaa wanaweza kulitumia kwa wakati mmoja. Ukitaka kuweka nenosiri au kubadilisha muundo wa majedwali, lifungue peke yako: kwenye dirisha la kuchagua faili, bofya kishale kidogo kando ya kitufe cha kufungua, chagua "Open Exclusive". Ukimaliza toka, maana wenzako wote wamefungiwa nje.

5. Kufunga. Hapa ndipo mafaili yanapofia, someni taratibu. Faili likiwa wazi kwa kushirikiana, Access huunda jingine dogo kando yake, jina lilelile, linaishia .laccdb (kwa .mdb ni .ldb). Humo huandikwa kompyuta zilizoingia, na wa mwisho akitoka kwa utaratibu hufutwa lenyewe. Kwa hiyo: tazama ukingo wa kushoto wa rekodi (mstari mmoja wa data). Ukiona alama ya penseli, bado haijahifadhiwa. Bonyeza Shift+Enter kuihifadhi au Esc kuitangua. Funga fomu kwa Ctrl+W, kisha programu kwa Alt+F4. Angalia folda: .laccdb imetoweka? Hapo ndipo unakili au unachomoa flashi.

ONYO: Usiizime Access kwa nguvu, wala usifunike laptopu wakati faili lipo wazi kwenye seva. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu jipya nusu la zamani. Na msifanyie kazi wengi ndani ya folda ya OneDrive au Dropbox. Huduma hizo hunakili faili zima, hazijui kuzuia rekodi mojamoja isiguswe na wawili kwa pamoja.

MASWALI

Kijana wa Data: Langu halifunguki, msaada wa haraka!

Mleta somo: Ujumbe unasemaje? Toleo gani la Access? Faili lipo wapi?

Kijana wa Data: Linasema linatumiwa na mtu mwingine. Somo ni refu mkuu.

Mleta somo: Basi huenda kuna mtu amelifungua peke yake. Hatua ya 4. Isome.

Mama Takwimu: Samahani mkuu, nikikuta .laccdb imebaki na kila mtu ametoka, naifuta?

Mleta somo: Swali zuri sana, dada. Ifungue kwanza kwa Notepad, uone majina ya kompyuta. Jina kuwepo si ushahidi kwamba mtu bado yumo, ila unajua wa kumuuliza. Wakithibitisha wametoka, nakili .accdb pembeni, kisha futa. Windows ikikataa, ujue kuna programu bado imeishika. Ikikubali, fungua faili na uendeshe "Compact and Repair", amri ya Access ya kubana na kukarabati faili. Kagua pia ruhusa: kila mtumiaji awe na haki ya kuunda na kufuta kwenye folda hiyo.

Mpanga Mafaili: Nimefuta rekodi kibao, ukubwa haupungui.

Mleta somo: Nafasi hairudi mpaka uendeshe "Compact and Repair". Usingoje, kikomo ni GB 2. Ila kwenye faili la kushirikiana usiwashe chaguo la kuifanya amri hiyo ijiendeshe kila unapofunga.

Mama Takwimu: Na .mdb ya Access 97?

Mleta somo: Access 2013 na za baadaye zinaikataa. Tafuta kompyuta yenye 2010 au 2007, ifungue humo na uihifadhi kama .accdb.

Mpanga Mafaili: Nyongeza: faili likifunguka na fomu iliyoficha menyu zote, shikilia Shift wakati wa kulifungua. Aliyelitengeneza asipozuia njia hiyo, utaingia moja kwa moja kwenye majedwali.